Maji ya Goti la Dada Imakulata

Jamani, goti la dada yangu Imakulata lilivimba karibu mwaka mzima, na kila tulipopima maji yake majibu yalikuwa yale yale: hakuna kijidudu.

Aliyekuwa anaandika majibu hayo ni mimi.

Mwaka 1975. Nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye hospitali moja ya misheni, Tabora. Dada alikuwa Goweko, yeye na majirani zake wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Siku wanafyeka pori la shamba la kijiji, mwiba ukamzama gotini. Akauchomoa, akaendelea na kazi.

Baada ya miezi miwili goti likawa nene kuliko paja.

Akaletwa hospitalini kwetu, daktari akasema TB ya mifupa. Sindano miezi sita.

Wapi!

"Kornel, si wewe ndiye unayepima?" aliniuliza siku moja, kashika kitanda kwa maumivu. "Niambie ukweli mdogo wangu."

"Maji yako ni safi, dada."

Nilikuwa namaanisha kabisa.

Kisha akaja daktari mgeni kutoka Dar, Dokta Wenceslaus. Akaingia maabara moja kwa moja.

"Maji ya goti unayaacha kwenye chupa yaote vijidudu siku ngapi?"

"Siku mbili, dokta. Halafu namwaga."

"Hayajawahi kuota kitu?"

"Hapana. Ila mara mbili niliyasahau kabatini wiki mbili, chupa zikaota ukungu mweupe. Uchafu tu. Nikaziosha."

Akavuta stuli, akakaa.

"Mara zote mbili ukungu ule ule?"

"Ndiyo."

"Kijana, huo ukungu ndio ugonjwa. Uliingia na ule mwiba ulioandikwa kwenye faili lake."

Nikaenda kuchukua chupa safi.

Tukamvuta maji upya, tukasubiri. Siku ya kumi na mbili, huo hapo. Mweupe, laini.

Dawa haikuwepo Tabora. Tuliisubiri wiki saba ije na treni, mimi nikimwangalia dada akikonda, sina la kufanya. Ilipokuja, kila dripu ya dawa hiyo ilimtetemesha mpaka kitanda kinagonga ukuta.

Ukungu ulikufa. Lakini goti lilishaliwa ndani. Halikukunjika tena maisha yake yote.

Nilimwambia kila kitu. Zile chupa. Sabuni. Kila kitu.

Akageukia ukutani.

"Mama asijue," akasema.

Mama alifariki bila kujua.

Wewe unayepima watu, ukikuta kitu hukukitegemea, usikioshe. Kaulize kwanza. Mimi sikuuliza.