Mafuta ya Mawese kwenye Stola

Enzi zetu, kwenye kapela yetu ng'ambo ya mto Lukuga, padri tulimwona mara moja kwa mwezi, pikipiki yake imejaa vumbi. Jumapili nyingine zote zilikuwa za Papa Bonifasi, katekista wetu. Aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, akatusomea Injili, akatufundisha sala, akazika wafu wetu. Wazee walisema wazi kwamba mahubiri yake yanawaingia kuliko ya padri. Maneno hayo yalimfikia padri, na hayakumfurahisha.

Sisi watoto tulioga ziwani hadi macho yakawa mekundu, tukaiba ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa mchangani, tukapigwa, tukarudi tena. Lakini mchezo nilioupenda mimi ulikuwa misa. Tulikata muhogo kwa kifuniko cha chupa, tukapata hostia za komunyo. Padri nilikuwa mimi siku zote, kwa sababu nilikuwa mkubwa na mwenye sauti. Mama alisema, "Wewe mutoto, utachezea vya Mungu mpaka vikuchezee."

Siku moja Papa Bonifasi alinituma nyumbani kwake nikamletee chaki. Sanduku la vitu vya misa, alilomtunzia padri, lilikuwa wazi. Nikatoa stola ya kijani, kile kitambaa kirefu padri anachovaa shingoni, nikaificha ndani ya shati. Alasiri ile niliwapa wadogo kipaimara, nikiwapaka mafuta ya mawese kwenye paji la uso. Wao walidhani nimevaa kitambaa cha mama. Nilipoirudisha ile stola ilikuwa na doa kubwa, rangi ya machungwa. Nikaikunja, doa likabaki ndani.

Jumapili ya padri ikafika. Aliikunjua ile stola mbele ya watu wote.

"Papa Bonifasi, hii ni nini?"

"Mafuta, Padri."

"Nani aliivaa?"

"Sijue, Padri. Lakini sanduku liko kwangu."

"Ndiyo, liko kwako. Unasoma misa wakati mimi siko?"

"Hapana, Padri. Mungu ananiona."

Mama mmoja wa kwaya akacheka. "Njo vile! Anataka upadri, na bibi anaye, na watoto saba!"

Nilikuwa benchi la pili. Papa Bonifasi akageuka, akatuangalia sote polepole, kama mtu anayesubiri mmoja asimame. Macho yake yakapita kwangu. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikainama. Padri akanyoosha mkono, naye akamkabidhi ufunguo wa kapela. Ukatekista wake uliishia pale, bila neno la pili.

Wiki ile watoto walimwimbia njiani, "Padri Mawese, Padri Mawese!" Wimbo ule niliutunga mimi. Niliamini kwamba nikiimba kwa sauti kuliko wote, hakuna atakayenishuku.

Nilipokuwa sekondari nilikwenda kwenye kitubio kwa padri mwingine. Akaniambia, "Mungu amekusamehe. Sasa nenda kwa Papa Bonifasi." Nikasema nitakwenda Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema Noeli. Kila Jumapili nilimwona benchi la mwisho, akiitikia sala kwa sauti ya chini. Nilikuwa bado napanga maneno yangu alipokufa. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, na watu wakanisifu kwa moyo mwema.

Siku hizi kapela ina kipaza sauti, na makatekista wetu wana vyeti vya mafunzo. Vijana hawaiangalii altare kwa macho, wanaiangalia kwa simu. Padri akikohoa tu, mji mzima wa Kalemie umekwisha kuona. Huwa nawanung'unikia, kisha naikumbuka ile stola. Leo mtoto akivaa stola ya padri, picha yake itawafikia wazazi kabla ya jua kuzama, na hakuna mzee atakayenyang'anywa ufunguo kwa kosa la mwingine. Enzi zetu hatukuwa na picha. Papa Bonifasi alikuwa na shahidi mmoja tu, hatua tatu mbele yake, na shahidi huyo alikuwa anajifanya anatafuta namba ya wimbo.