Dakika Sita za Makluf

Makluf Elharar alikuwa fundi viatu, na kwa ufundi hakuwa wa kutangazwa sana. Alikushonea soli leo, wiki ijayo unamrudishia. Lakini muulize mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Safed, atakwambia huyo ndiye aliyekuwa bwana saa wetu. Miaka kumi na tisa alisimama sinagogini kila alfajiri kando ya mwongoza sala, saa ya mkononi kaivua na kuilaza kiganjani, jedwali la nyakati liko mbele yake. Dakika ya jua kuchomoza ilipofika aligonga meza kwa kidole, mara moja tu. Wanaume wote wakanyamaza, wakaunganisha miguu, wakaanza ile sala ya kusimama. Na sisi wanawake nyuma ya pazia, watatu au wanne wenye roho ya kuamka saa hizo, tukasimama vilevile.

Mimi ni Hnina, nauza zeituni na ndimu za kuchachusha. Kibanda changu kilipakana na chake, katikati ukuta wa mbao nyembamba. Miaka yote hiyo nimevuta harufu ya gundi yake na yeye amevuta ya siki yangu, kwa hiyo mtu asije akaniambia simjui Makluf.

Sisi tuna saa zetu za kibali, saa ambazo dua inasikika haraka. Kabati la Torati likifunguliwa, hapo omba. Ijumaa jioni mwanamke akishawasha mishumaa, viganja bado viko machoni, hapo omba wala usimsahau mtu. Lakini wazee wetu waliotoka Tafilalet na mizigo yao waliapa kwamba hakuna inayoishinda saa ya jua kuchomoza, jua lenyewe la kuonekana kwa macho, si dakika kabla wala dakika baada. Mwenye shida kubwa hujiwekea asubuhi arobaini mfululizo. Ukikosa moja, unaanza upya.

Mwaka ule mwenye shida alikuwa shemeji yangu Mesod, dereva wa basi, mume wa mdogo wangu Simi. Simi alikuwa na uvimbe kichwani. Madaktari wa Haifa walimpangia upasuaji siku ya Alhamisi, na walisema bila kuzunguka kwamba huenda akatoka, huenda asitoke. Mesod akachukua kalenda, akahesabu kurudi nyuma, akaona asubuhi arobaini zinaingia kamili, ya mwisho ikiangukia Jumatano. Huyu ni mtu ambaye sinagogi alikuwa akiiona kwenye harusi na misiba tu. Akabadilishana zamu na wenzake, akawa anaendesha jioni, na alfajiri anafika kabla hata mlango haujafunguliwa. Mwanzoni alikuwa amekonda, hali chakula, anajibu maneno mawili mawili. Kadiri siku zilivyosonga nikamwona rangi inamrudia. Siku moja tukiwa tunapanda ngazi baada ya sala akanishika mkono, akasema, "Shemeji, zikitimia arobaini, Simi ataamka. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu." Na mimi nilisadiki, nisiwadanganye. Nilikuwa nazihesabu pamoja naye.

Jumapili, siku ya thelathini na saba, akaja mgeni. Kijana mmoja anaitwa Elkana, mpima ardhi kutoka Be'er Sheva, aliyekuwa na kumbukumbu ya kifo cha baba yake na anatafuta mahali pa kusali. Akachelewa. Sinagogi yetu iko chini ya barabara, unashuka ngazi kumi na nne, na madirisha yake machache yanatazama magharibi. Ukiwa mle ndani jua hulioni, na tukitoka tunalikuta limeshapanda. Elkana alipofika juu ya ngazi alisikia kidole cha Makluf na kimya kikifuata. Akageuka kuutazama Mlima Kanaani unaotuziba mashariki. Jua halikuwapo. Mtu wa kupima hawezi kuliacha jambo kama hilo lipite, kwa hiyo akaikosa sala, akasimama palepale barabarani na saa yake mpaka jua lilipochungulia mgongoni mwa mlima. Zilikuwa dakika sita.

Saa tatu alikuwa kibandani kwa Makluf. Mimi nilikuwa najaza mitungi yangu. Sikutega sikio, ukuta ni mbao, nimeshasema. Makluf akatoa lile jedwali, na Elkana akamuuliza nani aliliandika. Makluf akamjibu kwamba ni marehemu Yamin, mtunza sinagogi wa kwanza, mtu mwenye hati nzuri kuliko wote. Na huyo Yamin kabla ya kuja hapa aliishi wapi? Ashkeloni, Makluf akasema, kule pwani, alihamia huku alipooa. Hata mimi muuza ndimu nilishaelewa. Yamin alilinakili jedwali la kwao, nchi tambarare isiyo na kilima hata cha kujikwaa, akalipandisha huku milimani pamoja na masufuria yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nani angeuliza? Hati ilikuwa nzuri, na marehemu alikuwa mcha Mungu.

Kijana alijaribu kumpoza. Alimwambia sala zenyewe si batili, kulikuwa kumeshapambazuka, ila ile saa ya kibali hawakuifikia. Makluf akamuuliza, ni siku ngapi hawakuifikia? Elkana akajikohoza, akasema kwa hesabu yake, mlima ukiwa pale ulipo, karibu zote.

Alipoondoka nikazunguka ukuta. Makluf alikuwa amekaa na kiatu cha kike mkononi, hakishoni wala hakiweki chini.

"Nimesikia," nikamwambia. "Na utanyamaza."

"Hnina, dada yangu."

"Siku tatu tu. Kesho, keshokutwa, Jumatano. Alhamisi Simi akishatoka salama, panda juu ya paa utangaze utakavyo. Leo ukimwambia Mesod, unamwingiza mdogo wangu kwenye kisu na mume aliyekufa moyo."

Akasema hata yeye limempitia hilo. Angeweza kuzirefusha zaburi kidogo kidogo, kidole kigonge dakika sita baadaye, watu wasigundue. Nikamwambia ndiyo, hivyohivyo, Mungu akubariki. Akaniuliza, je, na zile thelathini na saba zilizopita? Nikamjibu kwamba Mungu havai saa ya mkononi. Makluf akanitazama kwa huruma, maana sote wawili tulijua ni nini kinachonitoa kitandani kila alfajiri na magoti haya.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, na mke wake Aziza alikuwa shoga yangu.

"Aziza alipougua nilimwombea asubuhi arobaini, kwa jedwali hilihili. Akafa. Miaka minne sasa najiambia, Makluf, ulifika kwa wakati, uliomba saa ileile, jibu likawa hapana. Basi. Kwa hilo napata usingizi. Leo naambiwa sikufika." Akakiweka kiatu chini. "Unajua ni nani ningempenda kuliko wote duniani? Mtu ambaye angelijua hili mapema akaniambia. Hata kama ingekuwa imebaki siku moja."

Nikamwambia kwamba anataka kutua mzigo wake, na pa kuutulia amepaona ni shingoni mwa mdogo wangu. Nililisema, na nilitaka limchome.

Jumatatu tulipofika palepale penye sala ya kusimama, kidole hakikugonga. Makluf alipanda ngazi mpaka barabarani, akatuacha chini tumeduwaa, mwongoza sala anarudiarudia maneno yaleyale kama mtu aliyepotelewa na ukurasa. Halafu tukasikia saa yake ya mkononi ikigongwa kwenye nguzo ya chuma kule juu. Baada ya sala akashuka, akasimama mbele ya kabati, akaeleza yote. Hakumlaumu Yamin. Alisema jedwali lilikuwa mikononi mwake miaka kumi na tisa, na kupanda ngazi kumi na nne kulikuwa kazi yake.

Kelele zikazuka. Mmoja anataka lichanwe, mwingine anasema mjukuu wake alipatikana kwa asubuhi arobaini za jedwali hilohilo, sasa wamrudishe wapi? Watu wakacheka. Hata nyuma ya pazia tulicheka kidogo, kwa woga. Mesod hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Kwa hiyo mimi nina siku ngapi?" akauliza.

"Moja," Makluf akasema. "Ya leo."

Mesod alilikunja shali lake la sala ovyo, akalisukuma kwenye mfuko, akapanda ngazi. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alikuwa ameshakwenda Haifa kukaa kando ya kitanda cha Simi, na nilipompigia simu alisema tu kwamba yuko, na Simi yuko, kisha akakata. Makluf sikumsalimu siku hizo. Nilihamisha mitungi yangu upande wa pili nisisikie nyundo yake. Jumatano kibanda chake hakikufunguliwa kabisa, nami nikasema moyoni, aibu imempata, na imkae vizuri.

Nitangulie kusema, msije mkahangaika bure: Simi yu hai. Anatembea kwa mkongojo, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, na kwa mdomo huohuo uliopinda ananisema kila siku kwamba zeituni zangu zina chumvi nyingi. Watu huniuliza ni dua ya nani iliyofika. Wengine wanasema ile moja ya Jumatatu. Mimi siku hizi swali hilo silijibu, kwa sababu kila nikianza kulijibu nauona ule ukumbi wa Haifa.

Nililala kwa binamu yangu huko Haifa, na Alhamisi alfajiri nikapanda hospitalini na mkate na mayai ya kuchemsha. Simi walikuwa wameshamteremsha kumwandaa. Muuguzi akanionyesha ukumbi wa kungojea, akasema wapo wawili, ndugu mwingine amekaa naye tangu jana mchana. Nikashangaa, ndugu gani? Mesod hana kaka.

Alikuwa Makluf. Amekaa wima kwenye benchi la plastiki, mfuko wa shali lake uko magotini, saa imo kiganjani. Huyu hakuwa amekosa alfajiri ya sinagogi hata siku aliyomzika mkewe. Na Mesod alikuwa amelala, kichwa chote kimemwegemea begani, mdomo wazi, ndevu za siku tatu. Mbele yao kulikuwa na dirisha kubwa linalotazama mashariki, na vilima vya Galilaya vinaonekana mpaka mwisho, na juu yake weupe unaogeuka manjano. Pale hakukuwa na haja ya jedwali la mtu yeyote.

Nilisahau kwamba tumekosana. Nikamkaribia, nikamnong'oneza aondoke kwa utaratibu, mimi nitamshika Mesod, dirisha hilo hapo, avae shali lake asimame.

Akatikisa kichwa. "Nikihama ataamka."

"Makluf, ndiyo hii. Iombe. Mwombee Simi."

"Hajalala siku tatu, Hnina."

Basi nikasimama mimi dirishani, muuza ndimu na mayai yangu kwenye mfuko. Jua lilipotoa ule uzi wa kwanza nilifunika macho kama ninavyofanya mbele ya mishumaa, nikamtaja Simi na jina la mama yetu, nikalia. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilipofumbua macho mwanga ulikuwa umeshaingia ndani, umetambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyao, umepanda magotini, uko juu ya ule mfuko wa shali ambao haukuwa umefunguliwa. Makluf hakuwa amesogea hata kidogo. Jasho lilikuwa linamtoka kwa mkono uliokufa ganzi.

Mesod akajigeuza, macho yamefumba.

"Jua limetoka?" akauliza.

Makluf akainua kiganja chenye saa, akamkinga uso na mwanga.

"Bado," akasema. "Lala."

Mesod akalala.