Kitenge Hakina Mgongo

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi ya kiangazi kile, nyumbani kwetu Ipagala, upepo ukitutilia vumbi jekundu hadi kwenye chai. Mama alikuwa fundi cherehani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kiherehere cha watu watatu, na ruhusa yangu iliishia kwenye kukata bitana za satini. Alinifundisha kwamba kitambaa kina uso na mgongo, na kwamba mshono hufumuliwa, lakini mkasi ukishapita umepita.

Siku moja alikwenda kumwona jirani aliyejifungua. Mezani aliacha kitenge cha Mama Zuhura wa Kondoa, sare ya harusi ya bintiye, na dukani kilikuwa kimekwisha. Nikaona nimsaidie. Mama hukunja kitambaa na kukata vipande viwili vya mbele vya blauzi kwa pamoja, kimoja cha kushoto na kingine cha kulia. Mimi nilikitandaza, nikachora kwa karatasi ya kipimo, nikakata, nikaisogeza karatasi ileile na kukata tena. Nilipovipanga, makwapa yote mawili yalikuwa kushoto. Nilikuwa nimekata blauzi ya mtu mwenye mikono miwili ya kushoto. Maji yakimwagika hayazoleki, niliwaza, nikaketi sakafuni nikalia hadi pua ikaziba. Sikuogopa kipigo. Niliogopa Mama Zuhura asimame kwenye harusi ya mwanawe bila sare, na jina la mama yangu liharibike mtaa mzima.

Mama aliporudi nilisahau hata kumwamkia. Nilimwonyesha tu. Alivitazama vile vipande kimya, kwa muda mrefu. Kisha akashika kimoja, akakigeuza kama chapati, akakilaza kando ya mwenzake. Kwapa moja kushoto, jingine kulia, na ndege waliochapwa kwenye kitenge bado wamesimama wima.

"Satini ina mgongo," alisema. "Kitenge hakina, rangi imepenya pande zote. Kanawe uso, uje tushone."

Nilikimbia kunawa. Mama Zuhura alivaa blauzi yake na hakujua lolote.

Leo nafundisha hisabati shule ya msingi, huko Nzuguni. Wanafunzi wangu huvaa sare zilizonunuliwa zimeshonwa tayari, na pasi yangu ni ya umeme, haina harufu yoyote. Tukifika kwenye somo la ulinganifu, nawapa mkasi na vipande vya kitenge, nawaacha wakosee kwanza. Mwezi uliopita nilimweleza mama kwamba alichofanya siku ile kina jina vitabuni. Akauliza kama vitabu vinasema pia jinsi alivyotetemeka, maana ule ukimya wake ulikuwa wa kutafuta maneno ya kumwambia Mama Zuhura. Miaka yote hii nilidhani hofu ile ilikuwa yangu peke yangu. Kumbe ilikuwa na mwenzake, upande wa pili wa meza, na zote mbili ziliondoka kwa mgeuzo mmoja.