Jina Lililomtoka Batmakan

Batmakan alikuwa mwombolezaji wa kijiji chetu, huku milimani juu ya mto Naryn. Akifa mtu, yeye huitwa kabla hata ya mchinja kondoo. Hukaa ndani ya hema la msiba, akaupa mlango mgongo, uso ukutani, akamlilia marehemu kwa jina, kwa ukoo na kwa farasi wake. Alikuwa na ulimi mkali, tena mtani wa kupindukia. Mimi jirani yake ameshanitukana vya kutosha. Lakini jina moja hukulitania mbele yake: Nurdolot.

Huyo mwanawe alikwenda Urusi kufanya kazi za ujenzi, na kwa majira matatu ya baridi hatukuwa tumesikia sauti yake. Kijijini watu walikwisha mzika mioyoni. Mama hakutaka kusikia hilo. Kila Alhamisi alipokaanga maandazi kwa ajili ya roho za wafu wake, aliwataja wote, Nurdolot akamruka. Kwetu asiyeombolezwa hajafa. Mke wa Nurdolot, Gulzina, alikuwa akimngoja bado, na wanawake wale wawili waliishi kwa tumaini hilo tu.

Ndipo akaja Perizat, mwalimu wa chuo kikuu cha mjini. Walikuwa wakiandaa siku za sanaa na tamaduni za dunia, na safari hii mada ilikuwa vilio vya misiba. Wageni wangetoka Georgia, India, hata Ireland.

"Mama, utuimbie kidogo tu," alisema.

"Nimwimbie nani? Umeniletea maiti?"

"Yeyote, mama. Kama mfano."

"Mfano! Kilio hakina mfano, mwanangu. Kinataka mtu wake."

Mwishowe wakakubaliana amlilie mama mkwe wake, aliyekufa zamani. Nikamsindikiza mjini.

Jukwaani walikuwa wametandika zulia la sufu. Batmakan akakaa kama kawaida yake, akaugeukia ukuta. Perizat akamwinamia kwa adabu: "Samahani mama, tugeukie huku. Wageni hawakuoni." Kamera nazo hazikuwa zikimwona. Binti yule hakuwa mbaya, nasema kweli, lakini ningeweza kumzaba kofi.

Akageuka. Maisha yake yote hakuwahi kuomboleza huku akitazamwa machoni. Akashika kiuno, kama wafanyavyo waombolezaji wetu, akaanza vizuri, mama mkwe na maziwa yake ya farasi, mpaka macho yakamwangukia kijana mmoja safu ya mbele, kichwa kimenyolewa, masikio yamechomoza kama ya mwanawe. Sauti ikayumba.

"Nurdolot wangu," akalia, "nani alikufumba macho huko ugenini?"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi.

Makofi, kwa kilio! Nilitamani ardhi inimeze. Wakampa maua, wakatulisha wali wa nyama, na jua lilikuwa limeinama tulipopata gari la kurudi.

"Ulimi uliteleza tu, shoga," aliniambia njiani, kanikamata mkono. "Si ulisikia? Uliteleza."

"Nilisikia, dada."

"Gulzina asijue."

"Nani atamwambia?"

Sikujua kwamba chuo kilikuwa kikirusha shughuli ile moja kwa moja mtandaoni, na kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kwenye simu kumtazama mtu wao kwa fahari.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamejipanga nje ya ua wakilia kwa sauti, kama inavyotakiwa. Hema limekwisha simikwa. Ndani yake Gulzina amekaa na nguo nyeusi, uso ukutani.

"Bomoeni hili hema!" Batmakan akapiga kelele. "Nani kawaambia kafa? Nani?"

Gulzina hakugeuka.

"Wewe, mama. Tumekusikia sote."

Wanawake wakasogea, wakampisha nafasi karibu na mkwewe, kisha wakamngoja aanze kilio.