Nilichekesha Ukumbi Mzima, Nikamliza Dada Yangu

Kosa ni langu, na sitamsingizia mtu. Naandika bila jina kwa sababu aibu bado haijaniisha.

Kazi yangu ni kutafsiri muvi za vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani, Ngaramtoni na kwingineko. Mimi ndiye ile sauti inayosema Kiswahili juu ya picha na kuchomekea vichekesho. Ndicho watu wanachonipendea.

Basi likaja tamasha la filamu mpya za Kikorea hapa Arusha mjini. Waandaaji wakanipa maneno ya filamu moja kwa Kiingereza, niyaseme kwa Kiswahili laivu kwenye maiki. Ilimhusu mama aliyefiwa na mwanawe, ambaye bado anamwandalia chakula mezani.

Nikamkumbuka dada yangu wa Oldonyo Sambu. Mwanawe wa pekee alifariki kwa ajali ya pikipiki. Siku moja tukiwa jikoni kwake, akipika loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, usimwambie mtu. Nikipika loshoro bado namwekea bakuli lake. Nashindwa kuacha." Nikaona filamu hii itamfariji. Nikamwalika mwenyewe, nikamkalisha mbele.

Kumbe filamu yenyewe sehemu kubwa ilikuwa kimya. Mama anapakua wali, anapanga vijiti vya kulia, anakaa. Hakuna anayesema. Ukumbi ukatulia tuli, na mimi kimya sijakizoea. Kibandani ukinyamaza kidogo tu watu wanakupigia miluzi. Nikaingiwa na woga, mdomo ukanitangulia:

"Mama, huyo marehemu wali kauchoka. Mwekee loshoro kwenye bakuli lake, uone kama haji!"

Watu wakaangua kicheko. Nilipoinua macho, dada alikuwa amejifunika kanga usoni. Hakutoka. Alikaa hadi mwisho, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Nje nikamwambia, "Dada, lakini sikukutaja jina."

"Hukunitaja," akasema. "Ila walinicheka mimi."

Jamani, nimeomba msamaha mpaka nimechoka. Amesema amenisamehe, na nadhani ni kweli. Nikienda ananipokea vizuri, anauliza habari za watoto wangu. Habari zake hanipi tena. Mwezi uliopita nikasikia kwa jirani kwamba walifanya ibada ya kumkumbuka kijana wetu. Mimi, mjomba mtu, sikuambiwa. Nikampigia simu. Akanijibu kwa upole, "Niliogopa ungekuja, halafu ukaenda kutusimulia."

Nilikata simu nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Wewe unayesoma, hata kama hushiki maiki, hata kama unachekesha wenzako kijiweni tu, kabla hujafungua mdomo jiulize kichekesho umekitoa wapi. Mimi changu nilikitoa jikoni kwa dada yangu. Siku hizi nikimtembelea naishia sebuleni.