Vibao vyangu vimeteremshwa nikiwa hai

Ndugu zangu, leo nimekuta ninaandaliwa matanga yangu mwenyewe.

Nimerudi kutoka hospitali hapa Blacktown, ughaibuni, ukuta wa sebule mtupu. Vibao vyangu vya namba za magari ya jimbo hili vimeondolewa vyote: vyeusi vya zamani vyenye herufi za njano, vya njano vilivyofuata, hata cheupe cha juzijuzi.

"Tunawapangia wageni nafasi, Baba," akasema binti yangu.

"Wageni gani?"

 Akatupia jicho mikeka ya matanga iliyosimamishwa pembeni.

Ninakufa, sikatai. Na kabla sijaenda nakiri: nilivipenda vibao vile kuliko picha zenu za harusi, wanangu.

Lakini mtu huandaliwa msiba wake huku anakunywa chai?

Nimeamuru virudishwe, cha zamani kwanza. Waombolezaji watakaa chini yake.

Semeni, nimekosea?