Behewa la Nane

Mjukuu wangu ana kibanda cha kuuza simu kuukuu hapa Kisenyi, na alasiri wateja wakipungua hunionyesha mimi bibi yake vituko vya mtandaoni. Siku hiyo alikuwa ameingia kwenye mnada wa treni ndogo, za kuchezea, ambazo kumbe huko ng'ambo wazee wazima huzikusanya.

"Jaja, tazama hii. Haina magurudumu, na wanaitakia bei ya ng'ombe."

"Wameandika nini?"

"Eti 'adimu sana'. Na hii hapa ni boksi tupu. Boksi, jaja! Treni yenyewe haimo."

"Labda wanauza harufu yake," nikamwambia, tukacheka.

Akapitisha kidole, na mimi nikaacha kucheka.

Ilikuwa treni ya bati, kila behewa urefu wa kidole, kichwa chake cha shaba. Tangazo lilidai ni kazi ya kale ya karakana ya reli, halisi mia kwa mia, na bei yake ingenunua kiwanja. Bei sikuitazama. Nilitazama kilichotandikwa chini ya treni: shuka nyeupe yenye maua mekundu, na ua moja la pembeni la kijani. Shuka hiyo niliidarizi mimi. Uzi mwekundu uliniishia.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Treni ile aliiunda kwa makopo ya samaki na vipande vya shaba, na kila mwenzake wa karakana alipokufa, alikwangua jina lake kwa msumari chini ya behewa moja. Mimi shule niliishia darasa la pili. Kusoma nilijifunzia kwenye matumbo ya mabehewa yale. Yalikuwa saba. Sita yalikuwa na majina. Nilipomuuliza la saba, alisema, "Hilo la fundi mwenyewe. Usinisukume, nitapanda."

Alipofariki, nguo zake zilitolewa kwa mzee aliyemwosha, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwa nimeketi eda, na makoti yake ya kazi bado yalinuka grisi. Sikuweza kulifungua sanduku. Nikasema, mpeni lilivyo. Treni ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye shuka ile. Nilikuja kukumbuka baada ya arobaini, na mzee yule alikwisha kuhama, hakuna aliyejua alikoelekea. Miaka yote hii kosa hilo halijaacha kunichoma.

"Waandikie wapunguze bei," nikasema. "Ni ya babu yako. Nataka irudi nyumbani."

"Ngoja kwanza tuone kama ndiyo yenyewe."

Akazikuza picha za chini. Nikayasoma majina kwa mpangilio wake: aliyebanwa kati ya mabehewa mawili, aliyekwenda na homa, wale ndugu wawili wa Gulu waliofuatana mwezi mmoja, na wengine. Yote ninayo kichwani. Hapa siyaandiki.

Tukafika la saba. Lilikuwa na jina la mume wangu, na herufi ya mwisho imepinda kama ndoano, vilevile alivyokuwa akiipinda yeye.

"Hili aliliacha tupu," nikasema. "Nililishika kwa mkono wangu, juma lile alilokufa."

"Basi ni matapeli, jaja. Wameongeza jina ili bei ipande. Ona, hata hapa wameandika mabehewa manane."

Manane. Nikahesabu kwenye picha. La mwisho bati lake lilikuwa jipya, linang'aa. Picha ya tumbo lake haikuwapo.

Akawaandikia kuuliza kuna nini chini ya la nane. Jibu liliingia kabla hajamaliza kumuuzia mteja chaja. Akalisoma kwa sauti: "Behewa la nane bado halijaandikwa." Kisha akaendelea kusoma, taratibu. Lililofuata lilikuwa jina langu. Majina yangu yote mawili.

Mteja akaondoka. Mjukuu akanitazama usoni, akajaribu kucheka.

"Laini hii niliisajili kwa kitambulisho chako, jaja. Changu kilikuwa kimepotea, umesahau? Na akaunti ya mnada nikaifungua kwa jina hilohilo. Wameliona hapo tu."

Ni maelezo mazuri. Nilimkubalia.

"Sasa niwaombe wapunguze?"

"Usiwajibu. Funga."

"Si umesema unataka irudi?"

"Ingekuwa na mabehewa saba, ningeuza hata kitanda changu."

Siku ya tano tangazo likaandikwa kwamba imeuzwa. Aliyenunua hatajwi, wala mji wake.

Siku hizi nikienda Mulago kupima presha, muuguzi akiniuliza jina, namsukumia daftari langu la matibabu alisome mwenyewe, kimyakimya. Juzi mmoja alimgeukia mwenzake akicheka: "Maskini, jaja huyu kasahau hata jina lake!"

Nikamwacha acheke.